Jinsi Bwana Wastani Alivyowasikiliza Watu Wake

Kuna watu ukiwaamkia "habari za asubuhi" wanataka kwanza wajue unaulizia asubuhi ipi, kuanzia saa ngapi mpaka saa ngapi, na kama Jumapili nayo imo. Bwana Wastani alikuwa wa kundi hilo. Jina alilopewa na wazazi lilibaki kwenye kitambulisho chake na mdomoni mwa mama yake. Ofisi nzima ya takwimu, kuanzia mlinzi wa getini hadi Mkurugenzi Mkuu, ilimwita Wastani, naye hakuchukia. Aliona amesifiwa.

Sisemi alikuwa mtu mbaya. Mtu mbaya ana nafuu, ukishamjua unamkwepa. Huyu alikuwa mwema, tena mwema sana, ila kuwaelewa watu kulimpiga chenga maisha yake yote. Siku mkewe alipojifungua pacha, nesi alitoka wodini akamwambia, "Hongera baba, ni wawili." Mwenzenu akatazama dari kidogo, kisha akaanza kumweleza nesi jambo hilo hutokea mara ngapi katika kila uzazi elfu moja, na kwamba ukizingatia umri wa mama, si la kushangaza sana. Nesi akageuka akarudi zake ndani. Mkewe alisikia yote, maana mlango ulikuwa wazi. Tangu siku hiyo anamwita Baba Pacha kwa sauti ambayo ukiitegea sikio vizuri utasikia ina meno.

Lakini kwenye hesabu nimpe haki yake. Mletee madodoso ya mkoa mzima, yamejazwa kwa mwandiko wa kuparuraparura, mengine yana madoa ya chai, atakaa nayo siku mbili kisha akuambie ni mdadisi gani alikwenda kuuliza na ni yupi alikaa chini ya kivuli akajitungia. Hakuwahi kukosea. Watu walikuwa wakipita dirishani kwake kwa adabu, kama mtu apitavyo nje ya chumba cha mgonjwa.

Sasa ofisi za namna ile zina tabia moja. Wakimwona mtu anajua kukokotoa kuliko wenzake wote, wanamnyang'anya hesabu wanampa watu. Ni kama umwone fundi cherehani hodari, ushonaji wake hauna mfano, basi kwa kumtunuku umpokonye mkasi umkabidhi kesi za ndoa. Mkuu wa kitengo cha tafiti za kaya alipostaafu, Wastani akaitwa ghorofani, akashikwa mkono, akaambiwa yeye sasa ni kaimu. Akionekana anajua kuongoza, atathibitishwa. Asipoonekana, basi, atarudi kwenye meza yake ya zamani na watu watajua. Alikitaka cheo kile, tusifichane. Alikitaka mpaka usingizi ukawa wa kuvizia.

Kitengo chenyewe kilikuwa korido moja, vyumba huku na vyumba kule, na mwisho wa korido ndipo alipokaa Mama Raba. Huyu alikuwa msimamizi wa wadadisi, yaani wale wanaobisha hodi nyumba kwa nyumba kuuliza mnaishi wangapi na mnakula nini. Aliitwa Mama Raba kwa sababu ya viatu vyake vya raba, ambavyo alivaa hata kwenye kikao cha Mkurugenzi Mkuu, akisema miguu yake haijui cheo. Yeye na Wastani waliajiriwa siku moja. Zamani hizo walipangwa pamoja kwenda uwandani, na nyumba ya kwanza kabisa Wastani alimuuliza mama mmoja mjane umri wa mumewe kabla hata hajamsalimia. Mlango ukafungwa puani pake. Mama Raba akarudi peke yake, akasalimu, akaulizia watoto, akashika maharage akawa anamsaidia mwenyeji kuchambua, na dodoso likajaa lote kabla sinia halijaisha. Jioni hiyo alimwambia mwenzake, "Kaka, wewe kaa ofisini. Nje huku utapigwa." Walicheka wote wawili, na wakawa ndugu.

Na utafiti mkubwa wa kaya ulikuwa unakuja. Mafunzo ya wadadisi, magari, wenyeviti wa mitaa wanaonuna wasipotangulia kuarifiwa, yote hayo yalikuwa mgongoni mwa Mama Raba. Bila yeye utafiti ungekuwa makaratasi tu. Kila mtu alijua hivyo, na Wastani alijua kuliko wote.

Ila kuna jambo hakulijua. Mume wa Mama Raba alikuwa amepigwa na kiharusi. Upande mmoja wa mwili ulilala, na mtu aliyekuwa fundi umeme wa kupanda nguzo akawa wa kulishwa kijiko. Utafiti ungemtoa Mama Raba nyumbani miezi kadhaa. Wakati huohuo kampuni moja inayohesabu wasikilizaji wa redio ilimwita, ikampa kazi ya mezani, ya kurudi nyumbani kila jioni, ikataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Kazi yenyewe hakuitaka. Alitaka kitu kidogo tu: abaki ofisini, afundishe wadadisi, aendeshe utafiti kwa simu, na msaidizi wake ndiye azunguke mikoani. Ilihitaji mkuu wa kitengo aseme ndiyo, basi. Nakuambia haya mapema, msomaji, kwa sababu mtu aliyepaswa kuambiwa kwanza alikuwa yuko katika shughuli ya kujifunza kusikiliza.

Maana hapo katikati ilikuja programu. Ilikuwa na jina refu, kuimarisha uongozi na menejimenti katika ofisi za takwimu, na ilikuja na mikoba. Wakuu wote wakapelekwa hoteli yenye viyoyozi vya kugandisha meno, wakavishwa majina shingoni kama hawajuani, na mwezeshaji mwenye suti ya kubana akawataka kila mmoja ataje yeye ni mnyama gani. Mkuu wa fedha akasema simba. Mkuu wa ugavi akasema simba. Wa tatu naye simba, mpaka ukumbi mzima ukawa mbuga isiyo na swala. Ilipofika zamu ya Wastani alisema hana data za kutosha, na mwezeshaji akamsifu kwa unyenyekevu. Baadaye wakaambiwa wajiangushe kinyumenyume wadakwe na wenzao, ili waaminiane. Mkuu wa fedha hakudakwa, lakini hilo lina historia yake.

Siku ya mwisho mwezeshaji akaandika ubaoni kwa kalamu nyekundu: kiongozi bora huwasikiliza watu wake. Wenzake Wastani walikuwa wanaangalia saa ya chakula. Yeye alinakili, akapigia mstari, akakaa akiyatazama maneno yale. Wengine walirudi na mikoba. Yeye, masikini, alirudi ameamini.

"Nimeamua kuwasikiliza watu wangu," alimwambia mkewe wakila.

"Vizuri, Baba Pacha. Unaanza na nani?"

"Siwezi kujua. Sampuli bado sijaichagua."

Mkewe akaweka kijiko. "Kitengo chako kina watu wangapi?"

"Arobaini hivi."

"Na wote mko korido moja."

"Ndiyo."

"Si utoke tu chumbani kwako uwasalimie?"

Akamweleza kwa upole, kama anavyoelezwa mtu asiye wa fani. Bosi akimuuliza mtumishi ana kwa ana, mtumishi atajibu la kumpendeza bosi. Jibu litapinda. Ili upate ukweli lazima awepo mtu wa kati, asiye na upande, mwenye maswali yaleyale kwa kila mmoja. Na hapo, kusema haki, hakukosea. Wangapi wetu tumemwambia bosi ukweli? Mkewe alimsikiliza mpaka mwisho. "Siku ukitaka kujua mimi nina hali gani," akasema, "utanitumia mtu?" Wastani akacheka, akadhani ni utani.

Basi utafiti wa kusikiliza ukaanza. Kulikuwa na barua ya utambulisho, kulikuwa na dodoso lenye sehemu nne, kulikuwa na mwongozo alioandika kwa mkono wake usiku na mchana. Wadadisi wawili waliazimwa kutoka kitengo cha kilimo, ambako walikuwa wamezoea kuhesabu mbuzi. Wakapita mezani kwa watu waliokula nao mchana huohuo, wakajitambulisha upya, wakawauliza jinsia zao. Yule karani mnene wa chumba cha pili aliposhindwa kuzuia kicheko, waliandika kwamba mhojiwa hakutoa ushirikiano.

Mama Raba alikuja mlangoni siku ya pili yake. "Kaka, nina neno na wewe."

Wastani aliinua kiganja. "Dada, usiniambie chochote. Umeingia kwenye sampuli."

"Kwa hiyo?"

"Ukiniambia mimi utaharibu matokeo. Mdadisi atakufikia, umweleze yeye."

Mama Raba akacheka, akaondoka. Alimjua mtani wake, akaona amechoka, atapoa. Siku chache baadaye akarudi, safari hii katoka uwandani kujaribu dodoso la ule utafiti mkubwa, vumbi mpaka kwenye kope. "Kaka, hili ni la nyumbani."

"La nyumbani liko sehemu ya tatu," alijibu Wastani, na macho yake yalikuwa na huruma ya kweli. "Hali ya kaya ya mtumishi. Nimelitengea nafasi kubwa tu, utaona. Vumilia kidogo, dada yangu."

"Na mimi nikisema siwezi kuvumilia?"

"Hilo nalo lina swali lake."

Akaja tena, mwezi umeshaanza kuchungulia mwisho. Safari hii hakusema. Alisimama tu kizingitini, mkoba begani, akimtazama mtu aliyeanza naye kazi. Wastani alimwona, akamtabasamia, akamwonyesha kwa kidole lile rundo la madodoso, kama kusema mambo yenu yote yamo humu, yanashughulikiwa. "Haya, mkuu," alisema Mama Raba. Hakuwahi kumwita mkuu hata siku moja. Wastani alisikia, na kwa kweli alifurahi. Aliona sasa anaheshimiwa.

Wadadisi nao hawakuwa wazembe. Walikwenda mezani kwa Mama Raba kama mwongozo ulivyoagiza. Hakuwepo, alikuwa uwandani. Wakarudi, hayupo. Wakarudi mara ya tatu, na kiti kilikuwa kitupu kwa sababu mwenye kiti alikuwa amesimama mlangoni kwa bosi akisubiri asikilizwe. Wakaandika hakupatikana. Sasa katika kazi ile, asiyepatikana haachwi wazi. Ukienda nyumba mara tatu usimkute mtu, unatafuta nyumba inayofanana nayo, jirani hivi, unachukua majibu ya jirani unamjazia. Si wizi na si uongo. Ofisi nyingi hufanya hivyo na mambo yanakwenda, mradi nyumba ziwe nyingi. Basi wakatafuta anayefanana na Mama Raba: mwanamke, rika lilelile, daraja lilelile, chumba kilekile. Wakampata mtunza stoo, ambaye wiki hiyo alikuwa amefungiwa feni mpya na angeridhika hata na moto. Mtunza stoo alisema ameridhika sana. Kwa hiyo na Mama Raba akaridhika sana.

Ripoti ilipendeza, jamani. Ilikuwa na rangi. Ilionyesha kwamba watumishi wanawake waandamizi wa kitengo wameridhika sana, wote, bila hata mmoja kubaki. Mkurugenzi Mkuu aliishika kwa mikono miwili, akasema kwa muda wake wote ofisini hajaona kiongozi anayesikiliza kisayansi namna hii, akaita mpiga picha. Wastani akathibitishwa. Alirudi nyumbani na keki.

Siku ya pili karani wa utumishi akapita chumbani kwake kumpongeza. "Hongera, mkuu," akasema, "na pole kwa Mama Raba."

"Amefanya nini?"

"Ameacha kazi. Barua yake ilifika jana. Nilidhani mmezungumza."

Kwanza Wastani alikwenda kwenye ripoti. Ndiyo, mtu kaambiwa rafiki yake anaondoka, akaenda kuangalia ripoti. Akaona imeandikwa vilevile, ameridhika sana. Akawaita wale wadadisi wawili.

"Mama Raba nani alimhoji?"

Wakatazamana. "Hakupatikana, mkuu. Tulimjazia."

"Mlimjazia kutoka kwa nani?"

"Mtunza stoo," alisema mmoja, kisha akaongeza haraka, maana aliona uso wa mzee unabadilika, "ni kanuni ya kwenye mwongozo. Uliiandika wewe."

Alitoka akaifuata korido hadi mwisho. Hakuwa na haja ya gari wala kibali cha safari. Mama Raba alikuwa anamwaga droo yake kwenye boksi: kalamu, miwani iliyovunjika mguu, picha ya mumewe amepanda nguzo. Alikuwa amevaa viatu vya ngozi vya kawaida, na Wastani akaviangalia kuliko alivyopaswa kuviangalia.

"Dada, kwa nini hukuniambia?"

Mama Raba alimtazama. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo. "Ningekuambia saa ngapi, kaka? Nikiwa sampuli au nikiwa mtu?"

Akamweleza, huku anapanga vitu, kwa sauti ya mtu anayesimulia ya jirani. Shemeji yako hawezi kushika kikombe. Usiku nikimgeuza analia, si kwa maumivu, kwa aibu. Nilitaka nibaki hapa nifundishe, msaidizi azunguke. Nilitaka useme ndiyo, nirudi kazini. Nyumbani kwa mgonjwa huyo Wastani alikuwa amekula mara nyingi. Taa za sebuleni kwake mwenyewe ni huyo fundi aliyezifunga, akakataa kulipwa. Siku zote hizo hakujua.

"Ningekubali siku ileile," alisema.

"Najua. Ndicho kinachoniuma."

"Wale wa redio, huwezi kuwaambia umebadili mawazo?"

"Nimeshasaini." Akafunga boksi. "Wao waliniuliza nina hali gani nyumbani kabla sijakaa kitini. Sikutegemea. Nililia mbele ya watu nisiowajua." Kisha akaenda, na viatu vile vikagonga sakafu korido nzima. Raba hazikuwahi kusikika. Wastani alisimama pale akivisikiliza mpaka mlango wa nje ukajifunga.

Utafiti mkubwa ulifanyika, usidhani. Msaidizi wa Mama Raba alikuwa mwepesi wa kupanga magari, ila hakuna aliyemwambia kwamba siku ya mnada nyumba zote hufungwa, wala kwamba wenyeviti huarifiwa kwanza. Wadadisi walibisha hodi kwenye makufuli. Hakupatikana, hakupatikana, ukurasa baada ya ukurasa. Ofisi ikajazia. Mtaa mmoja mzima, nasikia, ulijaziwa kutoka kwa bwana mmoja mstaafu aliyekuwa amekaa barazani.

Haikupita mwaka, programu ikarudi. Hoteli ileile, mikoba ya rangi nyingine, wakuu wa vitengo vyote na wageni kadhaa. Mwezeshaji wa suti ya kubana alimkumbatia Wastani kama mwanawe. Mada ya asubuhi ilikuwa yake: kiongozi msikivu, mfano wa kuigwa. Ukutani ikatupwa picha ya ile ripoti, na mchoro wake wenye nguzo ya kijani ya wanawake waandamizi, imepanda mpaka juu haina pa kwenda.

Aliongea kidogo, kavu. Watu walikuwa wanaitikia kwa vichwa. Kisha mama mmoja, mgeni, mkuu wa wadadisi kwenye ofisi yake, akanyoosha mkono. "Kama msimamizi wako wa wadadisi ni mwanamke, basi naye yumo hapo, ameridhika sana," alisema. "Wa kwangu wananikimbia kila mwaka. Tafadhali kaka, huyu wako ulimpa nini?"

Wastani aliitazama nguzo ya kijani. Angeweza kujibu. Ukumbi wote ulikuwa unamtaka ajibu, na mwezeshaji alishaishika kalamu nyekundu tayari kuandika. Wale simba watatu walikuwa mstari wa mbele.

"Sikumpa kitu," alisema. "Huyo hakuulizwa. Hilo jibu ni la mtunza stoo. Sisi tuliandika hakupatikana."

"Kumbe alikuwa wapi?"

"Mlangoni kwangu," alisema Wastani. "Alikuja nikamfukuza. Akaja tena nikamfukuza. Mimi ndiye sikupatikana."

Mkuu wa fedha akakohoa. Mwezeshaji, ambaye hakulipwa kwa ajili ya kimya, aliinuka akitabasamu. "Tunamshukuru sana kwa mfano huo mzuri," alisema, "tumpigie makofi ya nguvu, halafu twende chai." Wakampigia makofi ya nguvu, wakaenda chai.

Yeye hakwenda. Alitoka kwenye kibaraza cha hoteli, mahali wapishi wanapoanika vitambaa, akatoa simu akamtafuta Mama Raba. Hakuwa amempigia tangu siku ile ya boksi. Aliona haya, na kila mwezi uliopita haya iliongezeka. Simu iliita mpaka ikakata. Akasubiri, akapiga tena, ikaita mpaka ikakata. Ndani walikuwa wanagonga vikombe na kucheka. Akapiga mara ya tatu, na mara ya tatu nayo hakuna aliyepokea.

Kanuni aliijua, aliiandika kwa mkono wake: ukishamkosa mtu mara tatu, mjazie. Angeweza kusema yuko kazini, ana shughuli, hajambo, ameshasahau. Mwezeshaji alichungulia mlangoni akamwita, mkuu, tunaanza.

Akapiga tena.